Mama, Twende Nje



Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro tumeiona theluji tangu utoto. Asubuhi, mawingu yanapofunguka, Kibo huonekana amejitanda shuka jeupe, nasi tulimtazama huku tukichota maji mferejini. Lakini tulimtazama kwa mbali. Hatukuwaza kwamba iko siku tutaikuta theluji hiyo imejaa mlangoni mwetu, na watoto wetu wakiomba ruhusa ya kwenda kuicheza.

Mwezi huu safu yetu inawapeleka Oslo, mji mkuu wa Norwei. Tulikaa huko na watoto wetu watatu wakati baba watoto alipopata nafasi ya masomo. Tunajua kwamba wengi wenu mnao watoto, wadogo zenu au wakwe walioko nchi za baridi, na wengine mtapanda ndege kuwafuata. Lakini hata wewe mama ambaye hutavuka mpaka wa wilaya yako, tunakusihi usome mpaka mwisho. Maana tuliyojifunza kule ni juu ya hofu ya mama, na juu ya mtoto anayelipia hofu hiyo.

Majira ya kujifungia ndani

Oslo iko karibu nyuzi 60 kaskazini ya ikweta. Sisi tumezoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Kule, mwezi wa Desemba, jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na huzama muda mfupi baada ya saa tisa alasiri. Mtoto huondoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Mwezi wa Januari baridi kwa kawaida ni nyuzi chache chini ya sifuri, na ziko siku inashuka hadi nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri.

Majira yetu ya kwanza ya baridi tuliyapitisha ndani. Tulifunga madirisha, tukateremsha mapazia, tukawasha televisheni. Watoto waligombana kuanzia sebuleni hadi jikoni. Baba watoto alirudi jioni amechoka, akala, akafungua vitabu vyake. Sisi tukaosha vyombo. Wiki zikapita tukiwa hatusemezani zaidi ya "umekula?" na "mlango umefungwa?" Tulisema ni baridi ndiyo iliyotufanya hivyo, wala hatukujiuliza zaidi.

Ndipo mwezi wa Februari ikaja barua kutoka shule. Ilisema kutakuwa na siku ya skii. Kila mtoto aje na skii zake, amevaa vizuri, na amebeba chakula na kinywaji cha moto. Kwa wale ambao hawajaziona, skii ni mbao mbili ndefu na nyembamba zinazofungwa kwenye viatu ili mtu ateleze juu ya theluji, na mkononi hushika fimbo mbili za kujisukumia.

Skii hatukuwa nazo. Fedha za kuzinunua hatukuwa nazo. Na kila tulipofumba macho tulimwona mwana wetu mkubwa, ambaye alikuwa na miaka minane, amelala hospitali na mguu umevunjika. Tukachukua kalamu, tukamwandikia mwalimu kwamba mtoto ana homa.

Siku hiyo mtoto alikaa dirishani tangu asubuhi. Aliwaona wenzake wakipita na skii zao mabegani, na aliwaona wakirudi. Hakulalamika. Kesho yake akaenda shule, na jioni alitufuata jikoni akasema:

"Mama, mwalimu ameniuliza kama nimepona. Nimesema ndiyo. Lakini wenzangu wameniuliza nilikuwa naumwa nini, nikakosa la kusema. Wakiniuliza tena, niseme nini?"

Wapenzi, hatukuwa na jibu. Kila siku tulikuwa tukimwambia mtoto huyu aseme kweli hata kama itamletea fimbo. Sasa tulikuwa tumetunga uongo sisi wenyewe, kisha tukampa yeye autunze. Usiku ule usingizi haukuja.

Neno la dada kutoka Bukavu

Katika Norwei wako watu wengi wanaosema Kiswahili waliotoka mashariki ya Kongo. Mmoja wao, dada mzaliwa wa Bukavu, tulikuwa tukisali naye. Alikuwa amelea watoto wanne katika mji ule. Jumapili baada ya ibada tukamweleza yote. Hakutucheka.

"Dada," akasema, "mimi mwaka wa kwanza nilifanya hivyo hivyo. Baridi haikumfanya mtoto wangu kitu. Kilichomuumiza ni kuwa mgeni katika darasa lake mwenyewe. Kesho nenda kwa mwalimu umwambie kweli. Halafu Jumamosi njooni kwangu na watoto, niwafundishe kuvaa."

Tulikwenda kwa mwalimu miguu ikitetemeka, na safari hii haikuwa baridi. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba si sisi wa kwanza, na kwamba wazazi wengi wageni huogopa siku hiyo. Angefurahi zaidi kama tungemwuliza. Kisha akatuelekeza mahali panapoitwa BUA. Huo ni mpango ulioenea nchini Norwei, ambapo mtoto au mtu mzima huazima vifaa vya michezo bila malipo: skii, viatu vya kutelezea barafuni, sleji, kofia ngumu, kisha huvirudisha. Kumbe tulisema uongo kwa ajili ya skii ambazo tungepewa bure!

Jioni ile tulimkalisha mwana wetu, tukamwambia kwamba tulikosea, na kwamba mwalimu sasa anajua kweli.

"Kwa hiyo wenzangu wakiniuliza niseme nini?"

"Sema mama aliogopa."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu siku hiyo, kila tulipositasita mlangoni, yeye ndiye aliyetuambia, "Mama, usiogope. Twende nje."

Kwanza, kuvaa

Watu wa Norwei wana msemo wao: hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Watoto wao wachanga hulala mchana nje katika vigari vyao, wamefunikwa vizuri, hata wakati wa baridi. Shule za chekechea huwatoa watoto nje karibu kila siku. Mwanzoni tuliona ni ukatili. Baadaye tulielewa kwamba siri yote iko katika nguo. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 31, kinamsifu mama ambaye theluji haimtishi kwa kuwa amekwisha kuwavika watu wake. Tuliisoma sura hiyo mara nyingi huku nyumbani bila kufikiri kwamba mstari huo utatuhusu.

Hivi ndivyo dada yetu alivyotufundisha:

Vazi la kwanza, linalogusa ngozi, liwe la sufu nyembamba, juu na chini. Pamba isivaliwe hapo. Pamba ikilowa jasho hubaki na maji, na maji hayo hupoza mwili. Sufu hata ikilowa kidogo huendelea kutia joto.

Vazi la pili liwe sweta ya sufu au nguo nyingine nzito ya joto.

Vazi la tatu ni la kuzuia upepo na maji. Kwa watoto wadogo hupatikana nguo moja inayovaliwa mwili mzima, yenye zipu mbele.

Mikononi, glovu za mfuko ambazo vidole vinne hukaa pamoja hutia joto kuliko zile za kutenganisha kila kidole, kwa kuwa vidole hupashana joto. Viatu vibane kidogo tu. Mama anayempachika mtoto soksi tatu ndani ya kiatu kimoja anampoza miguu, maana damu haipiti vizuri. Shingoni mtoto avae kitambaa kilichoshonwa kama mrija. Skafu ndefu inaweza kunasa kwenye bembea au sleji ikamkaba.

Na kwa sababu ya giza, kila mtu, mkubwa kwa mdogo, ajining'inizie kidude cha kuakisi mwanga ili madereva wamwone. Hilo ni jambo dogo la bei ndogo, nalo huokoa maisha.

Neno moja kwa akina mama wenye watoto weusi kama sisi. Ngozi yetu huhitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, na jua la majira ya baridi kule halitoshi. Watoto wachanga hupewa matone ya vitamini D, na wakubwa hunywa mafuta ya ini la samaki. Muulize muuguzi wa kliniki mapema, usingoje.

Kushuka kwa sleji

Matembezi yetu ya kwanza yalikuwa Korketrekkeren. Jina hilo maana yake ni kizibuo, kile cha kuzungusha ili kutoa kizibo cha chupa, kwa sababu njia yenyewe imejipinda-pinda. Unapanda treni ya mjini namba 1 hadi juu mlimani, kituo cha Frognerseteren. Hapo unakaa juu ya sleji na kuteremka umbali wa kama kilomita 2 kati ya miti, ukishuka mita 255 kwenda chini. Mwishoni, mahali panapoitwa Midtstuen, unaingia tena katika treni pamoja na sleji yako, na baada ya kama robo saa uko juu tena. Kuteremka ni bure. Unalipa nauli ya treni tu.

Baba watoto alimpakata kitinda mimba. Binti yetu alikaa na kaka yake. Sisi tulibaki juu na sleji yetu, tumeshika kamba, tukisema, "Tangulieni, tunakuja." Watu wakapita. Bibi mmoja wa kama miaka sabini akapita, amekaa wima kama yuko kanisani. Hapo tukaona aibu, tukakaa, tukajiachia.

Kona ya kwanza tuliipata. Kona ya pili sleji ilikwenda upande wake, nasi upande wetu. Tulijikuta tumelala chali ndani ya theluji laini, kofia iko mbali, theluji imeingia hadi shingoni. Baba watoto alisimama chini kidogo, akatazama, akaanza kucheka. Nasi tukacheka. Tulicheka pale chini mpaka machozi yakatoka. Aliporudi kutuinua, alitupangusa theluji usoni kwa glovu yake, akasema, "Mama, hujambo?" kwa sauti ile ya siku za uchumba wetu.

Mama mpendwa, tangu tufike nchi ile hatukuwa tumecheka pamoja. Zile jioni za kimya hazikuletwa na baridi. Zililetwa na sisi wawili kukaa ndani, kila mtu na mzigo wake. Usiku ule tulizungumza mpaka saa sita. Tuliteremka mara tatu siku hiyo, na mara ya tatu hatukuanguka.

Kuteleza kwa skii

Mji wa Oslo umezungukwa na msitu mkubwa ambao wenyeji huuita Marka. Ndani yake kuna njia za skii zenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,000 katika eneo zima la kuuzunguka mji. Mashine hupita na kuchora mifereji miwili katika theluji, nawe unaweka skii zako ndani yake kama magurudumu ya treni yanavyokaa relini. Baadhi ya njia zina taa, hivyo wafanyakazi huenda huko jioni baada ya kazi. Chama kinachoshughulika sana na njia hizi, Skiforeningen, kilianzishwa mwaka 1883.

Tulianza kando ya ziwa Sognsvann, mahali ambapo treni hufika karibu kabisa. Dada yetu wa Bukavu alitufundisha mambo mawili kwanza: namna ya kuanguka na namna ya kuinuka. Ukiona unakwenda kasi kuliko moyo wako, kaa chini upande mmoja, usianguke mbele. Ukitaka kuinuka, weka skii zote mbili pamoja kwa upande, piga magoti, kisha simama. Watoto walijifunza kwa saa moja. Sisi ilituchukua wiki tatu.

Jambo moja lilitushangaza. Watu wa Oslo mjini hawana salamu nyingi. Unaweza kukaa na mtu katika basi mwendo mzima asikutazame. Lakini msituni, mtu huyo huyo atakusalimu na hata kuzungumza nawe juu ya theluji. Hapo ndipo tulipofahamiana na majirani zetu wa ghorofa ya juu, ambao tulikuwa tumepishana nao kwenye ngazi kwa miezi mitano.

Chakula hubebwa kutoka nyumbani, na hilo lilitufaa, maana mikahawa ya kule ni ghali. Wenyeji hubeba mkate, machungwa na chokoleti iitwayo Kvikk Lunsj, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1937. Sisi tulibeba maandazi na chai ya tangawizi katika chupa ya chai. Majirani walipoonja chai ile, waliomba tuwaandikie namna ya kuipika.

Viatu vya barafuni katikati ya mji

Karibu na Bunge lao, kwenye barabara ya Karl Johans gate, kuna bwawa ambalo wakati wa joto hurusha maji na wakati wa baridi hugeuzwa uwanja wa barafu. Linaitwa Spikersuppa, maana yake supu ya misumari, kwa sababu lilitolewa zawadi na kiwanda cha misumari. Jina hilo liliwachekesha watoto wetu kwa wiki nzima. Kuingia ni bure. Jioni taa zinapowaka, utawaona babu na mjukuu, wachumba, na wageni kama sisi wakishikilia ukingo.

Kwa mama anayeanza, uwanja kama huo ni mahali pazuri, kwa kuwa barafu yake hutunzwa na wahusika. Vaa kofia ngumu, wewe na watoto, wala usione haya.

Hatari zipo, na zina dawa

Hatutaki kuwadanganya kwamba hofu yetu yote ilikuwa bure. Mama mwenye busara huijua hatari, kisha huishughulikia.

Barafu ya ziwani. Usimruhusu mtoto kukanyaga ziwa kwa sababu tu limekuwa jeupe. Barafu ngumu isiyo na mchanganyiko wa theluji inatakiwa iwe na unene wa angalau sentimita 10 ndipo watu watembee juu yake. Mahali mto unapoingia au kutoka, na chini ya madaraja, barafu huwa nyembamba hata kama kwingine ni nene. Sisi tulikwenda tu pale tulipowakuta wenyeji wengi, na kamwe hatukwenda peke yetu.

Ngozi kuganda. Tazameni nyuso za watoto mara kwa mara. Ukiona doa lisilo na rangi yake ya kawaida kwenye shavu, pua au sikio, nalo halina hisia, weka kiganja chako chenye joto juu yake na uingie ndani. Usisugue kwa theluji.

Vyuma. Kitinda mimba wetu alilamba nguzo ya bembea kwa kutaka kujua ladha yake, na ulimi ukanasa. Usimvute mtoto! Mwagia maji ya uvuguvugu taratibu mpaka utoke. Tulitumia chai iliyokwisha poa.

Njia za miguu. Theluji ikiyeyuka mchana na kuganda usiku, barabara huwa kioo. Wazee huvunjika nyonga. Kuna vyuma vidogo vyenye meno vya kuvalishwa chini ya viatu, vinunueni. Tembeeni kwa hatua fupi, uzito ukiwa juu ya mguu wa mbele, na mikono isiwe mifukoni.

Mtoto aliyebebwa, na mtu aliyengojewa

Tulipokwisha kuzoea kidogo, tuliwapeleka watoto Holmenkollen, juu ya mji, ambako mashindano ya kuruka kwa skii yamefanyika tangu mwaka 1892. Mnara mpya wa chuma ulikamilika mwaka 2010. Chini yake kuna jumba la makumbusho ya skii lililofunguliwa mwaka 1923, ambalo ndilo la kwanza la aina yake duniani.

Huko watoto walijifunza habari za mwaka 1206. Wakati wa vita vya kugombea ufalme, mtoto Håkon, mwenye umri wa kama miaka miwili, alikuwa akitafutwa auawe. Mama yake, Inga, alikimbia naye majira ya baridi. Wanaume wawili wa kundi lililoitwa Birkebeiner walimbeba mtoto huyo kwa skii, wakavuka milima katika dhoruba ya theluji kutoka sehemu za Lillehammer hadi bonde la Østerdalen. Mtoto akapona, na mwaka 1217 akawa mfalme. Tangu mwaka 1932 kumekuwa na mbio za skii za kukumbuka safari hiyo, na kila mshindani hubeba mgongoni mzigo wa kilo 3.5 badala ya mtoto. Sisi akina mama tuliobeba watoto mgongoni kwenda shambani tulielewa mara moja.

Nao mwana wetu tulimsimulia habari za Philip Boit wa Kenya. Mwaka 1998, katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, Boit alishiriki mbio za skii za kilomita 10, akawa wa mwisho. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwei. Lakini Dæhlie alikataa kuondoka. Alisimama penye mstari wa mwisho akamngoja Mkenya yule mpaka alipofika, akamkumbatia. Baadaye Boit alimwita mtoto wake wa kiume Daehlie.

Mwana wetu alifikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo hata wa mwisho anangojewa?" Tukamwambia, ndiyo, akienda.

Siku ya skii ya mwaka uliofuata alikwenda. Tulimfunga kamba za viatu wenyewe, tukamtilia maandazi kwenye mfuko, tukarudi ndani tukaa dirishani pale alipokaa yeye mwaka uliopita. Alirudi saa nane, amelowa magoti, mashavu yanang'aa. Alikuwa wa pili kutoka mwisho. Wala hilo halikuwa la kwanza kutusimulia. La kwanza lilikuwa soseji walizochoma juu ya moto msituni, na jinsi rafiki yake alivyoangusha ya kwake thelujini akaila hivyo hivyo.

Kwako wewe mama

Theluji ya Oslo inapungua. Wenyeji wenye umri mkubwa wanasema majira ya baridi ya utoto wao yalikuwa marefu zaidi, na siku hizi mara nyingine mvua hunyesha mjini ilhali theluji iko juu mlimani tu. Ndiyo maana inapoanguka hawangoji. Wanajua kwamba haitakaa.

Ndivyo walivyo na watoto. Wewe ulioko Bukoba una mvua, ulioko Dodoma una vumbi, ulioko Tanga una joto. Kila mahali pana sababu ya kumwambia mtoto, "Kaa ndani." Nasi hatusemi uache kumlinda. Tunasema umvike, umfundishe namna ya kuanguka na kuinuka, kisha mwende pamoja. Na kama ulikwisha kutunga uongo mdogo ili kuficha hofu yako, rudi ukaseme kweli kabla mtoto hajachoka kuutunza.

Jumamosi hii mchukue baba watoto pia, hata akisema amechoka. Bebeni maandazi.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia nyumba zenye amani na kicheko.